Datsun 160J ya babu: bomba la ekzosi likunjwe kwa presi, kwa mandreli au kwa mchanga?

#1 MwanaDatsun76

Wakuu, habari za jioni.

Nina Datsun 160J ya 1976, saluni, injini ya L16 yenye cc 1595, kabureta moja. Babu yangu ndiye aliyelinunua gari hili, na ndilo lililonipeleka darasa la kwanza. Alipofariki likakaa chini ya mwembe miaka 11. Mwaka jana nimelileta Dar. Injini sasa inanguruma vizuri, breki nimefanya zote, nyaya nimebadilisha. Imebaki ekzosi. Ile ya zamani imeoza kuanzia chini ya manifoldi (pale moshi unapotokea kwenye injini) hadi mkiani. Nilipoishika sailensa ilimegeka mkononi.

Sitaki mashindano. Nataka gari la kwenda nalo kazini Ijumaa, na nataka siku moja niende nalo Moshi nimpakie bibi, aketi kiti kilekile alichokuwa anaketi. Sauti iwe ya wastani, watoto waweze kulala nyuma.

Sasa mafundi. Nimepita kwa watatu, nimepata majibu matatu. Wa kwanza ana mashine ya presi, anasema nusu siku tu amemaliza. Wa pili anasema presi inabana bomba, ninunue kona za mandreli, yaani zilizokunjwa kiwandani bomba likiwa limeshikiliwa na chuma kwa ndani, achomelee moja moja. Bei yake ni mara tatu ya yule wa kwanza. Wa tatu ni mzee pale mtaa wa Gerezani, yeye anasema atajaza bomba mchanga, apige gesi, akunje kwa mkono kama walivyokuwa wakifanya zamani.

Njia yenyewe iko hivi: bomba linashuka kutoka kwenye manifoldi kwa kona kali, linapinda kufuata giaboksi, linanyooka chini ya sakafu kando ya propela, halafu nyuma ndiko kwenye kazi. Kule kuna ekseli nzima na springi zile za mabapa, kwa hiyo bomba lazima lipande juu ya ekseli, lishuke, likwepe tangi la mafuta, litokee. Nimehesabu kona nane: mbili za mbele, mbili ndogo za katikati, tatu za kuvuka ekseli na moja ya mkiani.

Mngekuwa nyinyi mngechagua ipi, na kwa nini?

#2 PresiKeko

Karibu mkuu. Mimi ndiyo hao wa presi, niko Keko, na ninakula kwa mashine hiyo. Nalisema mapema ili unisikilize ukilijua hilo.

Presi inafanya hivi: bomba linalala kwenye mabega mawili ya chuma, katikati kuna kalibu ya duara inayosukumwa na jeki ya haidroliki. Ndani ya bomba hakuna kitu. Kwa hiyo ndiyo, kona ikiwa kali bomba linabonyea. Hilo silifichi. Lakini nimetengeneza magari mengi kwa mashine hiyo na yanatembea. Uzuri wake ni kwamba bomba zima linatoka kipande kimoja, halina maungio kumi na mbili ya kuvuja. Na gari likiwa juu ya shimo, ninakunja, ninapima, ninarudi kukunja tena. Ukileta kona za kununua, huwezi kuzibadilisha digrii hata moja bila kukata.

Hiyo L16 yako ya kabureta moja haifiki nguvu farasi 100. Usilipie bomba la gari la mashindano.

#3 BiArgoni

Habari zenu. Mimi ni mchomeleaji, niko Mwanza, kazi yangu kubwa ni TIG (kuchomelea kwa gesi ya argoni) kwenye matangi na mabomba ya stenlesi, ekzosi nafanya kwa mapenzi yangu.

Kaka PresiKeko amesema kweli, ila niongeze kwa nini bomba linabonyea, maana ukielewa hapo utajua kuchagua mwenyewe.

Chukua bomba la inchi 2, yaani milimita 50.8 kwa nje. Likunje kwa kona ambayo nusukipenyo ya mstari wa katikati ni mara moja na nusu ya bomba, kama milimita 76. Upande wa nje wa kona sasa uko kwenye duara la nusukipenyo milimita 101.6, na wa ndani 50.8. Maana yake chuma cha nje kimevutwa kwa theluthi nzima, na cha ndani kimesukumwa kipungue kwa theluthi. Kinachovutwa kinatafuta njia fupi, nayo ni kuzama kuelekea katikati ya bomba. Kinachosukumwa hakina pa kwenda, kinafanya kunyanzi.

Njia zote mnazozitaja zinapigana na jambo hilo moja. Mandreli ni chuma kinachoingia ndani ya bomba, mbele yake kuna magololi yaliyoungana kama shanga, na kinakaa palepale kona inapozaliwa ili ukuta usizame. Upande wa ndani kuna kipande kingine kinachobana kuzuia kunyanzi. Bomba linavutwa kuzunguka kalibu, halisukumwi katikati. Ndiyo maana linatoka likiwa duara lilelile. Mchanga nao ni mandreli ya maskini: unajaza ndani kitu kisichobonyea.

Ila mandreli haifanyi miujiza. Ukuta wa nje unabaki mwembamba, kwa sababu chuma kimevutwa. Ukianza na bomba la milimita 1.2, kona kali itakuachia ukuta mwembamba sana. Mimi sishuki chini ya 1.5 kwa gari la kutembelea.

#4 MvitaMotors

Salaam kutoka Mombasa. Nyote mnazungumzia hewa, mimi nawaambia kutu. Huku kwetu na huko Dar, chumvi ya bahari inakula ekzosi kutoka nje, na maji yanaila kutoka ndani. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji. Safari fupi za mjini, ekzosi haipati moto wa kutosha kukausha, maji yanakaa kwenye sailensa na kwenye kila kona iliyoinama.

Sasa kona ya presi yenye kunyanzi ina vibonde ndani. Kila kibonde ni kikombe cha maji. Nimekata mabomba ya zamani mara nyingi, na tundu la kwanza huwa karibu kila mara kwenye kunyanzi ya kona ya nyuma au pembeni mwa weldi.

Dawa yake rahisi: toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa, maji yatoke. Na rangi ya kuhimili joto kwenye maungio yote siku hiyohiyo, usingoje kesho.

#5 MzeeWaSafari

Vijana hamjambo. Nipo Nairobi, nimeanza kazi ya magari Kirinyaga Road wakati wazee wangu bado wanaiita Grogan.

Umenigusa na hiyo 160J. Nilikuwa kijana dereva Shekhar Mehta aliposhinda mbio za magari za Safari na Datsun 160J mwaka 1979, akarudia 1980, kisha akashinda tena 1981 na 1982 na Datsun Violet GT. Pasaka nne mfululizo. Kila kijana wa gereji alitaka gari hilo, na tulizikunjia ekzosi nyingi, kwa mchanga.

Kwa hiyo nieleze mchanga, maana naona unatajwa kama hadithi. Unachekecha mchanga mwembamba, kisha unaukaanga kwenye karai mpaka uwe mkavu kabisa. Hapo msifanye mchezo. Mchanga wenye unyevu ukifungiwa ndani ya bomba kisha ukapigwa moto, maji yanakuwa mvuke, na kizibo kinatoka kama risasi. Nimemwona mtu akipasuliwa shavu. Ukishakauka, ziba upande mmoja kwa kizibo cha mti, jaza, gonga bomba kwa nyundo ya mti pande zote mchanga ushuke, ongeza, gonga tena mpaka hauendi tena, ziba juu. Pasha moto sehemu yote ya kona, si doa moja, mpaka chuma kiwe chekundu sawasawa. Kunja polepole kuzunguka rimu ya zamani. Acha kipoe chenyewe, usimwagie maji.

Jambo ambalo vijana hawaliangalii: bomba hili limeviringwa kutoka bamba na kuchomelewa, lina mshono urefu wote. Mshono uweke ubavuni mwa kona. Ukiuweka nje utavutwa na kupasuka, ukiuweka ndani utajikunja. Na hili ni hivyohivyo kwenye presi, PresiKeko ataniunga mkono.

Kona ya mchanga iliyofanywa vizuri ni nzuri kuliko ya presi. Lakini inakula saa mbili na gesi nyingi, na mikono ya kuifanya vizuri imebaki michache. Huyo mzee wako wa Gerezani, mwombe akuoneshe kona aliyoikunja mwezi huu. Usimhukumu kwa umri wala usimwamini kwa umri.

#6 PresiKeko

Shikamoo mzee. La mshono nakuunga mkono kabisa. Mimi nauchora kwa chaki kabla bomba halijapanda mashine.

#7 TurboTegeta

Jamani si mnajua injini inahitaji mgandamizo wa nyuma? Bomba likiwa wazi sana gari linapoteza nguvu chini. Kwa hiyo kubanwa kidogo na presi ni faida.

#8 BiArgoni

Hapana kaka, na hili limeenea sana kwa hiyo acha nilijibu taratibu.

Hakuna injini ya aina hii inayofaidika na moshi kusukumwa urudi. Inachohitaji ni mwendo wa moshi. Bomba la saizi yake linafanya moshi utoke kwa kasi, na kila mpigo unaotoka unaacha nyuma mvuto unaosaidia silinda kujisafisha. Ukiweka bomba pana mno, kasi inashuka, mvuto unapungua, gari linakuwa zito mwendo wa chini. Watu wakaona hivyo wakasema "limekosa mgandamizo". Lililokosekana ni kasi.

Kona iliyobonyea haikupi kasi kwenye bomba zima. Inakupa mlango mwembamba mahali pamoja, moshi unabanana kabla yake na kutawanyika baada yake. Ukitaka kasi, punguza saizi ya bomba lote. Usibane mahali.

#9 MwanaDatsun76

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa siku mbili kuliko wiki nzima ya kuzunguka.

Nimefanya jambo moja. Nimenunua bomba la inchi 2, ukuta milimita 1.5, nikampelekea fundi wa presi anikunjie kona mbili za majaribio, nikampa hela yake. Moja digrii 90, nyingine digrii 15. Nikapima kwa venia (kile kipimo cha milimita chenye taya) pale palipobonyea zaidi.

Kona ya digrii 90: milimita 42 upande mmoja, 53 upande wa pili.
Kona ya digrii 15: milimita 50 na 51.

BiArgoni, dada yangu, hizi namba zina maana gani?

#10 BiArgoni

Umefanya la maana sana. Wengi wanabishana mwaka mzima bila kupima.

Toa milimita 3 kwenye kila kipimo, ni unene wa kuta mbili. Kona ya 90 kwa ndani ni 39 kwa 50. Zidisha 39 kwa 50 kwa 0.7854 (pai gawa kwa nne), unapata milimita za mraba 1,531. Bomba lenyewe lililonyooka ni 47.8 kwa 47.8 kwa 0.7854, yaani 1,794. Umepoteza kama asilimia 15 pale.

Kona ya digrii 15 ni 47 kwa 48, yaani 1,772. Umepoteza asilimia moja tu na kidogo. Hiyo haina habari.

Sasa linganisha na bomba la inchi 1¾ lenye ukuta uleule ambalo halijabanwa popote: 1,349. Unaona? Kona yako mbaya kabisa ya presi kwenye bomba la inchi 2 bado ni pana kuliko bomba zima la inchi 1¾ la mandreli. Na kwa injini yako, inchi 1¾ safi isingekuwa mbaya hata kidogo.

Kwa hiyo swali "presi au mandreli" ulivyoliuliza mwanzo halijakaa sawa. Uliza kona hii, mahali hapa, sehemu yake nyembamba ni kiasi gani.

#11 PresiKeko

Nimefurahi namba zimenitetea, lakini nami niseme ukweli wa upande wa pili. Hiyo kona ya 90 ya milimita 42 imefanywa na mtu mwenye kalibu sahihi. Si wote.

Wako wanaokunja ekzosi kwa ile mashine ya mkono ya mabomba ya maji. Hapo utalia. Inchi 2 ya bomba la maji kwa nje ni milimita 60.3. Inchi 2 ya ekzosi ni 50.8. Ukiweka bomba la ekzosi kwenye kalibu ya bomba la maji, pembeni kunabaki nafasi, bomba halishikwi, linalala bapa kama chapati. Kabla hujampa mtu kazi, mwombe venia, pima mfereji wa kalibu yake. Akikasirika, ondoka.

Na wengine hutumia bomba lenyewe la maji. Ukuta wake ni zaidi ya milimita 3.5, mita moja ni kama kilo 5, wakati la ekzosi halifiki kilo 2. Na kama ni la mabati, zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kutetemeka usiku. Nimeugua mwenyewe nikiwa mwanafunzi wa kazi. Sifanyi tena kwa bei yoyote.

#12 MaskatiSeif

Assalamu alaykum. Niko Maskati, asili yangu ni Unguja. Huku Wadi Kabir unapata kona za mandreli dukani, zile za umbo la U, chuma cha kawaida na stenlesi. Kona moja ya U ya digrii 180 unaikata upate mbili za 90, au nne za 45, au moja ya 110 na moja ya 70. Hakuna kinachotupwa.

Nilijenga ekzosi ya Land Cruiser FJ40 yangu hivyo. Ushauri wangu mmoja: nunua zenye miguu mirefu iliyonyooka kila upande. Zile zisizo na mguu, ukikata ndani ya kona, mdomo wake hauwi duara kamili, na kuuchomelea kwenye bomba lililonyooka ni tabu.

Ukitaka stenlesi, kumbuka inarefuka zaidi ikipata moto. Mita moja ya chuma cha kawaida ikipanda nyuzi 300 inarefuka milimita 3.6, stenlesi ya 304 inapita 5. Ukiifunga kwa vyuma vikavu bila raba, itapasua flenji au itavuta manifoldi.

#13 TurboTegeta

Asante dada kwa maelezo ya kasi, nimeelewa. Na je, zile kona za vipande vipande vilivyochomelewa kama mkia wa kamba wa baharini? Naziona sana mtandaoni.

#14 BiArgoni

Zinapendeza na zina mahali pake, hasa pale ambapo hakuna kona ya kununua inayoingia. Kona ya 90 yenye maungio matano, kila ungio linapinda digrii 18, kwa hiyo kila mkato ni digrii 9. Ukikosea digrii moja kwenye kila mkato, kona nzima imepotea. Ni weldi tano badala ya mbili. Kwa stenlesi lazima upitishe argoni ndani ya bomba wakati unachomelea, vinginevyo ndani kunaota mabonge meusi kama sukari iliyoungua, nayo ndiyo mwanzo wa ufa.

Kwa chuma cha kawaida cha 1.5, tafadhali msichomelee kwa rodi za milimita 2.5 na umeme mkubwa. Chuma kinatoboka, fundi anaziba tundu, matone yanaingia ndani na kukaa. Umelipia kona laini, ndani umepanda miba. MIG, ile mashine inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.8 inatosha kabisa.

#15 MzeeWaSafari

Kijana, sasa nikwambie ningefanya nini mimi, na gari likiwa langu.

Mbele, zile kona mbili za kushuka kutoka kwenye manifoldi: hapo usibane. Moshi bado ni wa moto na umetanuka; gari likipanda mlima unavuka nyuzi 700. Ukienda nyuma unapoa, unasinyaa, unahitaji nafasi ndogo. Kwa hiyo milimita unayopoteza mbele inauma kuliko unayopoteza mkiani. Mbele weka kona za mandreli.

Katikati, kona zako mbili ndogo: presi. Umeona mwenyewe, asilimia moja.

Kuvuka ekseli: mandreli tena, lakini sababu si moshi. Ni nafasi. Kona ya presi inanenepa ubavuni, ulipima 53, na haiwezi kuwa fupi. Pale juu ya ekseli kila milimita unaihitaji.

Mkiani: presi, hata mchanga, upendavyo.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Usipime njia ya bomba gari likiwa limening'inia kwenye jeki, ekseli imeshuka. Simamisha gari juu ya magurudumu yake, kwenye shimo. Chukua nondo ya milimita 6, ikunje kwa mkono ifuate njia, hiyo ndiyo ramani ya fundi. Kisha pakia mizigo nyuma, angalia ekseli inapopanda inafika wapi. Acha nafasi. Na kati ya sehemu ya mbele na ile ya ekseli usichomelee kabisa. Weka bomba ndani ya bomba na klampu. Siku moja utahitaji kuligeuza kidogo, na siku moja utahitaji kulitoa bila grainda.

#16 MwanaDatsun76

Mzee, shikamoo. Nimechapisha ujumbe wako nikaubandika ukutani gereji.

Nimeamua hivyohivyo. Kona za U tatu nimezipata kwa mtu anayeleta mzigo kutoka Dubai, inchi 2, ukuta 1.5, zina miguu. Nondo nimekunja mwenyewe Jumapili nzima, mke wangu ameshika taa.

#17 MwanaDatsun76

Wakuu, ni wiki tatu sasa, narudisha majibu.

Kazi imechukua siku mbili. Presi ilifanya katikati na mkia kwa chini ya saa moja. Kona za U zilichukua siku na nusu: kukata, kulainisha midomo kwa tupa, kushika kwa vidoti vya weldi, kurudisha chini ya gari, kutoa, kusogeza, kurudisha tena. Kona ya pili ya mbele ilitaka kugusa giaboksi, ikabidi tukate digrii tano. Hapo ndipo nilipoelewa PresiKeko alichosema kuhusu kona za kununua.

Raba za kuning'iniza tano. Tundu la milimita 3 nimetoboa, na asubuhi ninaona maji yakidondoka kweli, MvitaMotors. Sauti ni nzito na ya chini, ndani ya gari tunaongea bila kupaza.

Nilikwenda Moshi. Kilomita 550 hivi. Bibi alitoka nje aliposikia mlio kabla hajaliona gari, akasimama mlangoni, ameshika kanga yake, hasemi kitu. Halafu akauliza, "Nani kaniletea mzee wangu?" Sina zaidi ya kusema hapo.

Kuna tatizo moja. Wakati wa kurudi tulikuwa watano, na gunia la mahindi kwenye buti. Kwenye matuta baada ya Same nilisikia mgongano wa chuma nyuma mara mbili. Nimeangalia leo: juu ya ekseli kuna alama inayong'aa, kama upana wa kidole, na kwenye kona ya mandreli kuna mkwaruzo unaolingana nayo. Juu ya kona hiyo, kati yake na sakafu, kuna milimita 25. Nikate nikunje upya?

#18 MzeeWaSafari

Usikate. Uliweka klampu pale nilipokwambia?

#19 MwanaDatsun76

Niliweka mzee. Bomba ndani ya bomba, sentimita 5 zimeingiana.

#20 MzeeWaSafari

Basi legeza klampu, bomba likiwa limepoa. Zungusha sehemu ya nyuma mpaka kona ya ekseli ipande kama milimita 10. Zitabaki 15 juu, zinatosha pale kwa sababu sakafu haisogei. Mkia utahama kidogo upande mmoja, ndipo unaweka raba fupi zaidi ya kuning'iniza upande huo. Kaza, pakia tena lile gunia, pita kwenye tuta polepole, uangalie alama.

#21 PresiKeko

Mkia ukihama ukagusa bampa, lete Jumamosi asubuhi kabla ya saa nne. Kona ya mkiani ni yangu, nitaikunja tena digrii tatu nne bila malipo. Njoo na gunia.